Ushuhuda wa Banda la Kuku

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumanne, 12 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, nikacheka, na simu ilipokatika nikajilaumu kwamba sikukuuliza kama ile dawa ya kuchua unaitumia au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako. Itumie, tafadhali. Na macho je? Kama mwandiko wangu unakusumbua, tafuta mtu akusomee, ila umchague vizuri huyo msomaji. Ukifika mbele utaelewa kwa nini.

Sisi huku ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama watoto anakusalimu sana, anasema zile mbegu za mchicha ulizompa zimeota na majirani wameanza kujipendekeza. Mkubwa amemaliza mitihani, sasa analala mpaka jua linamwonea aibu. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kwa kupuliza. Kazi ipo. Hoteli moja imetuletea viti vyake vyote vya ukumbini kwa mpigo, na yule mama wa duka la dawa amelirudisha kochi lake tena, kwa sababu mbwa wake ana meno na yeye hana moyo wa kumfukuza.

Nimesema wazima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu nikaacha simu. Kwenye simu mimi ni hodari wa kujitetea, unanijua, ukisema neno moja mimi nina kumi. Karatasi hainibishii, basi huenda nikasema kweli.

Wiki iliyopita uliniambia una mgeni, na kwamba mgeni huyo amekukazia viti vyote vya sebuleni, hata kile cha marehemu mzee kilichokuwa kinayumba tangu tukiwa watoto. Hukusema ni nani na mimi sikuuliza. Kisha ukasema maharage yanaungua. Shangazi, hukuwa na maharage jikoni. Mdogo wangu yuko kwako, na nashukuru kwamba yuko kwako na si pengine. Sasa nataka nikueleze kwa nini ameondoka huku, maana najua yeye hatakuambia. Hajawahi kunisema vibaya kwa mtu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Unakumbuka alivyokuwa. Uliwahi kufunga na kuomba kwa ajili yake mpaka ukaanguka jikoni. Mwaka wa nne huu hajaonja tone. Wala hakubadilika kwa kishindo, ingawa wengi kanisani walikuwa wanangojea kishindo. Alianza tu kuhudhuria lile darasa la jioni la Mchungaji, lenye watu sita na viti hamsini. Mchungaji alikuwa anafundisha kwamba Mungu akitaka kumgeuza mtu huanzia kwenye fikra zake, na kwamba nia haifanywi upya siku moja ikaisha, bali ni wazo kwa wazo, leo na kesho na keshokutwa. Wengine tulisema Amina tukaenda kula. Mdogo wangu alilichukua neno lile akaenda nalo kazini. Kiu ikimshika alikuwa anavuta kochi kuukuu, anakaa chini, anaanza kulifumua, na kila pini anayoing'oa anasema kwa sauti ya chini, "Hili si wazo langu tena." Ng'oa nyingine, "Hili nalo si langu." Mwanzoni nilidhani amechanganyikiwa. Tulipata makochi mengi yaliyofumuliwa mwaka ule kuliko wateja.

Yeye akapata nia mpya, na mimi nikapata ushuhuda.

Ule wa banda la kuku, unaufahamu. Kwamba alirudi amelewa, akakosea mlango, akalala kwenye banda la kuku la jirani. Asubuhi mama wa watu ameingia kuokota mayai, akamkuta amejinyoosha, na badala ya kuomba radhi akamwambia, "Mama, unaingiaje chumbani kwa watu bila hodi?" Nilipousimulia mara ya kwanza kanisani watu walicheka mpaka wakalia, kisha nikasema jinsi Bwana alivyomtoa, wakalia tena, safari hii machozi ya kweli. Nami nikaonja utamu wa kusikilizwa. Tangu hapo wakija wageni mzee wa kanisa ananiangalia mimi. Vijana wa kwaya wakaniita Mzee Banda, na nikaitika. Kila mara niliongeza chumvi kidogo. Kuna jogoo aliyemsimamia kichwani akawika. Jogoo hakuwepo, Shangazi. Jogoo nimemwongeza mwenyewe mwaka wa pili.

Na mwenye kisa alikuwa amekaa benchi la pili, anaangalia viatu vyake, anatabasamu. Nilidhani ni furaha. Sikumwuliza.

Sasa, mchumba wake umemsikia, yule mwalimu wa chekechea. Binti mtulivu, ana sauti ya chini lakini watoto thelathini wanamsikia. Yeye mdogo wangu alimweleza yote tangu mwanzo, hakumficha hata kuku mmoja. Wazazi wake ndio walikuwa hawajui. Jumapili ya mwisho ya Juni walikuja kutuona kwa mara ya kwanza, tuanze kanisani kisha twende nyumbani kula. Ijumaa yake, karakanani, mdogo wangu alinijia akaniambia, "Kaka, Jumapili tukishakula nitawaeleza wazee mwenyewe nilivyokuwa. Nimejiandaa." Nikamwitikia vizuri tu, huku natafuta mkasi. Nilisikia, usidhani sikusikia. Ila yaliingia sikio hili yakatokea lile, kwa sababu moyoni mwangu habari zile zilikuwa zangu.

Ibada ikafika kwenye shuhuda. Mzee wa kanisa akasema tuna wageni wa heshima leo. Kijana mmoja wa kwaya akasema, "Tupe ule, Mzee Banda!" Miguu yangu ikasimama kabla sijaiambia. Ningeweza kukusimulia kwamba nilisitasita, lakini nimeahidi kusema kweli. Sikusita. Nilitoa wote, na jogoo wake, na nikaongeza yai lililovunjikia mfukoni ambalo hata mimi nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho na kitambaa. Mimi nikanyoosha kidole benchi la pili nikasema, "Na mtu huyo, ndugu zangu, ndiye yule pale!"

Mama yule aligeuka akafuata kidole changu. Kicheko chake sikukisikia tena siku ile.

Nyumbani mama watoto alikuwa amepika kuku. Angejuaje, maskini. Kuku alikaa katikati ya meza na hakuna aliyemgusa, hata watoto. Baba mkwe, dereva wa treni mstaafu, mtu mrefu anayekunja vizuri karatasi ya kufutia mikono kabla ya kuiweka chini, alikula wali kidogo, akashukuru, akasema wana safari, tutazungumza. Mdogo wangu hakupata nafasi ya kusema lake. Angesema nini? Lilikuwa limeshasemwa, tena kwa vichekesho. Aliwasindikiza kituoni, akarudi, akakunja mikono ya shati, akaosha vyombo vyote.

Tulipobaki wawili mama watoto aliniambia, "Umemvua mtu nguo mbele ya wakwe zake, halafu ukasema Amina." Nikamjibu kwamba ukweli ni ukweli, na ushuhuda unamtukuza Mungu. Akaniuliza, "Na jogoo?" Nikaenda kulala.

Nakaribia mahali ambapo mkono unakuwa mzito.

Kuna jambo ambalo sijamwambia hata Mchungaji. Kila asubuhi mdogo wangu akifika karakanani mimi humkumbatia. Wateja wameliona, wamelisifu, ati ndugu wanaopendana. Shangazi, nilikuwa namnusa. Nilianza ule mwaka wa kwanza, na wakati ule pengine kulikuwa na sababu, kijana bado anachechemea. Lakini sikuacha. Nilikuwa namvuta kifuani, naingiza pua shingoni kwake, nikikosa harufu ya pombe namwachia na kumwambia Bwana asifiwe. Ufunguo wa kabati la spiriti ya kung'arishia mbao nauvaa shingoni mpaka leo. Akitaka spiriti ananiita kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtu ana umri wa miaka thelathini na nane!

Jumatatu ile, baada ya yote niliyomfanyia Jumapili, alikuja kazini kama kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, nilikuwa na maneno mazuri kabisa. Nikamkumbatia. Na pua ikaenda yenyewe. Nilitaka kujua kama aibu ile imemrudisha kwenye chupa, na nilijihisi nina huruma kwa kutaka kujua. Hakujitoa. Alisimama tuli, mikono chini, akanisubiri. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Umemaliza, kaka?"

Alijua. Alijua siku zote, na kila asubuhi alikuja akasimama pale.

Alifanya kazi mpaka jioni, akamalizia kochi la daktari wa meno, akafagia, akapanga nyundo. Mlangoni ndipo aliponiambia maneno ambayo nayasikia nikiwa macho na nikiwa nimelala: "Kaka, mimi kule bandani nilishatoka. Wewe ndiye bado umo." Hakupandisha sauti. Akaenda zake, na kesho yake chumba chake kilikuwa kitupu.

Wiki ya kwanza nilikasirika. Naona niliandike na hilo. Nilisema huyu hana shukrani, nani alimbeba, nani alimwosha matapishi, nani alimpa kazi watu wote walipomkimbia. Wiki ya pili maneno yale yale yakaanza kunisuta. Nilimwomba Mungu miaka ambadilishe mdogo wangu, Mungu akambadilisha, na mimi nikakataa kuupokea mzigo. Nikabaki na yule wa zamani kichwani, namlisha, namtembeza kanisani, nachekesha naye watu. Yule mpya alikuwa anagonga nyundo meta mbili kutoka nilipo na sikumwona. Nia iliyokuwa haijafanywa upya ni yangu, tena mimi ndiye ninayekaa benchi la mbele. Nilipomweleza Mchungaji alitaka kunipa mfano wa mtu anayebadilisha kitambaa cha kochi akaacha sponji bovu ndani. Nikamwomba anihurumie, ya kochi nayajua.

Nikaamua kwenda kwa wale wazazi. Nilipanda basi bila kumwambia mtu isipokuwa mama watoto, ambaye alinipa mkate wa njiani na onyo kwamba nisifungue mdomo zaidi ya ninavyotakiwa. Nilimkuta baba mkwe peke yake. Nikaanza kueleza kwamba mambo ya banda ni ya zamani, kwamba nilikosea, kwamba kijana ameacha kabisa. Aliniacha nimalize, kisha akasema mlevi aliyeacha si habari ya kumtisha, amefanya kazi reli miaka mingi na amewaona wengi. "Kilichonishangaza ni wewe," akaniambia. "Ulisimama muda mrefu, ukasema mengi, na yote yakaishia bandani. Huyo mtu wa baada ya pale ni nani? Maana ndiye anayemtaka binti yangu. Wa bandani hajaleta posa."

Nikasema ni mchapakazi. Akasema hata punda ni mchapakazi. Akaniuliza: anapenda nini? Rafiki yake ni nani? Akikasirika hufanya nini? Akiwa na nafasi huenda wapi? Nilikaa pale, Shangazi, kwenye kochi lenye springi mbovu, mimi ninayemuona ndugu yangu kila siku ya Mungu, na sikuwa na jibu hata moja. Naweza kukwambia alivyonuka Jumanne ya miaka mitano iliyopita. Anachokipenda leo sikijui.

Yule mzee hakunifukuza. Alisema binti yake ameshaamua, anasubiri, na yeye hawezi kumzuia wala hataki. Ila hampi binti baraka zake mpaka mtu wa damu ya yule kijana asimame mbele yake amweleze anamwoza binti yake kwa nani. "Ukishamfahamu, rudi," akasema. Akanisindikiza mpaka getini.

Binti alirudi nimeshaondoka, akanifuata kituoni. Nilidhani atanisema, nikainamisha kichwa kabisa kurahisisha kazi. Akaniuliza tu kama ninajua mdogo wangu huenda wapi kila Jumamosi jioni. Nikasema huwa anaaga kwamba anaenda kunyoosha miguu. Akasema huenda kukaa na watu wanaojaribu kuacha pombe, kwenye chumba cha nyuma cha zahanati. Mgeni akija wanamwomba mdogo wangu aseme neno, na huwa anasema lile lile: kwamba alikuwa na kaka ambaye hakumwacha. Anawasimulia nilivyokuwa namwosha miguu kwenye karai, nilivyompigia nyundo siku mikono yake ilipokuwa inatetemeka ili mteja asijue. Hata mimi nilikuwa nimeyasahau hayo. "Hajawahi kutaja kwamba unamnusa," akasema binti. Kumbe na yeye anajua.

Sikumbuki basi lilivyonifikisha nyumbani. Nakumbuka nililia, na kondakta akanirudishia nauli akidhani nimefiwa. Nilimpa tena, akakataa tena, tukabishana.

Jumapili iliyopita palikuwa na wageni. Mzee wa kanisa akaniangalia. Nikasimama, nikasema sina ushuhuda wa mtu, nina wangu mwenyewe: kwamba nimekaa kwenye banda la kuku miaka minne na naomba mniombee nitoke. Walicheka, Shangazi. Wakapiga makofi, wakangojea jogoo. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikasimama pale mpaka kimya kikaja chenyewe, na kilichelewa sana. Kisha nikasema jogoo ni uongo wangu, nikakaa. Mama watoto akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya kanisani tangu siku ya harusi yetu.

Sasa sikuandikii ili umwambie arudi. Wala usinisemee, nakujua una ulimi mtamu, ukimsihi atarudi kwa heshima yako, na atasimama tuli kama alivyosimama siku ile. Ufunguo wa kabati nimechongesha wa pili na umening'inia ukutani karibu na meza yake, lakini hilo pia usimwambie, isije ikaonekana namnunua. Akirudi, arudi kwa sababu zake. Asiporudi, binti atamfuata alipo, na mimi nitakuwa nimestahili.

Ninachokuomba ni kimoja. Uko naye, unamwona akiamka. Niandikie habari zake kama unavyomwandikia mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Usianze na zamani, ya zamani ninayo mengi kupita kiasi. Niambie akimaliza kazi anakaa upande gani wa nyumba. Siku hizi anacheka kwa ajili ya nini. Akiomba, anamwombea nani kwanza. Chai anakunywa na sukari au ameacha? Mimi ninamwekea vijiko vitatu tangu utotoni na sijawahi kumwona akimaliza kikombe. Niandikie hata mambo madogo ambayo unaona hayana maana. Nataka niyajue, niende nikasimame mbele ya yule mzee wa treni, na nikimaliza yeye ajue namsema nani.

Nisalimie binamu zangu wote na watoto wao, hasa yule pacha mtundu aliyenificha viatu. Msalimie na jirani yako mshona nguo, mwambie mkasi wake nitaurudisha, sijaupoteza. Bwana akulinde, akupunguzie maumivu ya goti na kukuongezea miaka, maana bado tunakuhitaji kupita unavyodhani.

Na mgeni wako pia mpe salamu. Akiuliza zimetoka kwa nani, mwambie kuna mtu huku anasema angependa kumfahamu.

Wako akupendaye, na mwenye aibu,
Mtoto wa kaka yako, yule mkubwa.